Tiketi Isiyotumika: Kumsikiliza Nakajima Miyuki

Kuna nyimbo za kutia moyo zinazoudhi. Unazijua. Mtu umefukuzwa kazi, au umefiwa, au umekaa tu na madeni yako, halafu redio inakuambia simama, kesho jua litawaka, wewe ni mshindi. Nani kakwambia mimi mshindi? Wimbo wa namna hiyo haujauliza kimekupata nini. Umeleta dawa kabla ya kusikiliza ugonjwa, na mgonjwa mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana anazima redio.

Nataka kuzungumzia mwandishi wa nyimbo ambaye, kwa maoni yangu, amelielewa tatizo hili kuliko wengi. Anaitwa Nakajima Miyuki. Wajapani hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Nakajima ndilo la ukoo. Alizaliwa Sapporo, katika kisiwa cha Hokkaido huko kaskazini mwa Japani, mwaka 1952, akaanza kutoa rekodi mwaka 1975. Maneno anaandika mwenyewe, muziki anatunga mwenyewe. Singo zake zimefika namba moja kwenye chati ya Oricon katika miongo minne tofauti, kuanzia ile ya 1970 hadi ya 2000. Yaani mama aliyezinunua akiwa msichana anaweza kuwa na binti aliyezinunua naye akiwa msichana.

Nyumbani kwake baadhi ya nyimbo hizo zimekuwa mali ya umma. Zinaimbwa harusini, kazini, kwenye matangazo ya televisheni. Zimegeuka kuwa nyimbo za kutia moyo. Hoja yangu ni moja tu: nyimbo zake bora zinasema "pole" kwanza, ndipo zinasema "jikaze". Tukiikata ile pole tukabakiza kiitikio, tunabaki na ule wimbo unaoudhi.

Hebu tulipime neno hilo kidogo, maana Kiswahili kimetupa neno ambalo lugha nyingi hazina. Pole haiahidi kitu. Ukimwambia mtu aliyebeba mzigo "pole", hujamwambia mzigo utapungua, wala hujajitolea kuubeba. Umesema tu kwamba umeuona. Na mwenye mzigo anaitika, anaendelea na safari. Kumwambia "jikaze" bila kumwambia "pole" ni utovu wa adabu, na kila mtu aliyelelewa anajua hivyo.

Tuanze na sifa mbaya aliyokuwa nayo. Miaka ya mwanzo Nakajima alionekana kama mwimbaji wa walioachwa. Wimbo wake "Wakareuta", yaani wimbo wa kuachana, ulifika namba moja baada ya kutoka mwaka 1977, na unaanza na mtu aliyeanguka barabarani akiita jina la mtu. Mwaka 1981 ukaja "Akujo", mwanamke mbaya. Huyu hapa ni mwanamke anayejifanya mhuni, anayejitangaza kuwa anatembea na wanaume, ili mpenzi wake aliyekwisha kumchoka apate sababu ya kuondoka bila kujiona mkosaji. Muziki wenyewe unadunda kwa furaha, ungedhani ni wimbo wa kwenda pikiniki. Huzuni imefichwa ndani ya mchezo wa kuigiza.

Ilikuwa kawaida kumlinganisha na Matsutoya Yumi, mtunzi mwingine mkubwa wa kizazi hicho, ambaye nyimbo zake zina bahari, magari na theluji ya kuteleza. Matsutoya anga, Nakajima shimo. Ulinganisho huo ni mwepesi mno, ila una kitu cha kweli. Nyimbo za Matsutoya mara nyingi ni kama picha nzuri: unatamani kuwa ndani yake. Za Nakajima ni kama barua iliyoangukia mikononi mwako, na sasa huwezi kujifanya hukuisoma.

Barua hapa si tamathali tu. Kuanzia 1979 hadi 1987 Nakajima aliendesha kipindi cha redio cha usiku wa manane, "All Night Nippon". Wasikilizaji walimwandikia, yeye akasoma. Waliomjua kwa nyimbo zake walishangaa, maana kwenye redio alikuwa mcheshi kupindukia, anacheka hovyo, anatania. Sisi tuliokua na vipindi vya salamu tunaelewa sehemu ya jambo hili: sauti moja studio, na huko nje watu wasiojuana, kila mmoja na redio yake gizani, wakisubiri jina lao litajwe. Tofauti ni kwamba barua zilizomfikia Nakajima hazikuwa za salamu peke yake. Watu walimwandikia mambo ambayo hawakuweza kumwambia mtu mwingine.

Kutoka katika barua hizo ukazaliwa wimbo ambao kwangu ndio kipimo cha kazi yake yote: "Faito!", katika albamu ya "Yokan" ya mwaka 1983.

Jina lenyewe ni mtihani kwa mfasiri. Neno limetoka Kiingereza, na mtu akiwa na kamusi tu ataandika "Pigana!" Atakuwa amekosea nusu. Kwa Kijapani neno hili likishakopwa limebadilika tabia. Ndilo wanalopiga kelele wanafunzi pembeni mwa uwanja mwenzao anapokaribia kuanguka kwenye mbio. Kwetu ni "kaza!", au kwa vijana wa Tanzania, "komaa!" Lakini kiitikio cha wimbo, baada ya kelele hiyo, kinataja kupigana kwa neno la Kijapani lenyewe: kinasema wanaopigana huchekwa na wasiopigana. Kwa hiyo Nakajima anakutanisha maneno mawili. Moja ni la uwanjani, jepesi, la watazamaji. Lingine ni zito, la aliye ndani ya vita. Wimbo mzima unaishi katikati ya hayo mawili: nani ana haki ya kupiga kelele ya "kaza", ikiwa yeye amekaa jukwaani? Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jibu lake limo katika mpangilio. Kiitikio hakiji mpaka kilipiwe. Kabla yake kuna beti, na kila ubeti ni mtu.

Wa kwanza ni msichana aliyeishia elimu ya sekondari ya chini, na kwa sababu hiyo hapati kazi. Nakajima hatuambii sura yake. Anatuonyesha mwandiko wake: umechongoka kwa hasira na papo hapo unatetemeka. Yuko anayekumbuka kupigwa na mtu mzima, na ngumi aliyoikunja kwa uchungu mpaka kucha zikamchoma kiganja. Halafu anakuja mtu ambaye mimi ndiye ninayemwogopa zaidi. Alikuwa stesheni. Alimwona mwanamke akimsukuma mtoto kwenye ngazi. Hakusaidia, hakupiga kelele, alikimbia. Anakiri kwamba adui yake ni yeye mwenyewe.

Ona alichofanya mtunzi hapo. Katika wimbo wa kawaida wa kutia moyo anayetiwa moyo hana hatia, dunia ndiyo imemwonea. Hapa katika foleni ya wanaoambiwa "kaza" amesimama pia mwoga, aliyemwacha mtoto. Hakuondolewa kwenye foleni wala hakusamehewa. Ameonekana tu, kama wenzake. Hii ndiyo pole ninayoizungumzia, na wakati mwingine inatisha kuliko lawama.

Kisha tiketi. Kuna sauti inayozungumza kwa lahaja ya mkoani, mbali na Kijapani cha Tokyo. Mtu huyu alitaka kuondoka kwao kwenda Tokyo. Akatishwa: ukiondoka, ndugu zako hapa hawatakalika. Hakuondoka. Akasingizia kwamba tiketi ya treni imeungua kwa bahati mbaya, kumbe alishindwa kuichoma. Sasa anaituma kwa yule anayemwandikia, amtunzie. Maandishi yake yamefifia, lakini mji uliokusudiwa bado unasomeka.

Sijui ubeti mwingine wa muziki wa kisasa unaosema mengi hivi kwa kitu kidogo hivi. Mwandishi wa barua haombi ushauri. Haulizi afanye nini. Anaomba kitu kimoja: nishikie. Na anayeombwa ni nani? Kwa mpangilio wa wimbo ni mtangazaji wa redio, ambaye ndiye mwimbaji. Ila wimbo ukishatoka studio, anayeombwa ni wewe unayesikiliza. Tiketi iko mkononi mwako sasa. Huwezi kuitumia, si yako, na safari yenyewe ilishakufa. Unachoweza ni kuitunza.

Baada ya hapo, kiitikio kinaporudi, kelele ya "kaza" ina uzito mwingine. Anayeipiga ni mtu mwenye tiketi ya mwenzake mfukoni. Na kati ya barua hizo anapita samaki, anayepanda mto dhidi ya mkondo, magamba yakimtoka na kumeremeta kwenye maji ya giza. Wimbo haumfikishi. Tunamwona akiumia kwa kukwea, basi. Anayetaka ushindi atafute kwingine.

Sasa angalia kilichoupata wimbo huu. Mwaka 1994 uliwekwa upande wa pili wa singo ya "Sora to Kimi no Aida ni" (Kati ya Anga na Wewe), wimbo wa tamthilia ya televisheni, ikauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Hapo "Faito!" ikaingia nyumba nyingi. Mwaka 2012 mwigizaji Mitsushima Hikari aliuimba katika tangazo la Calorie Mate, chakula cha vijiboksi cha kuongeza nguvu. Aliimba vizuri, kwa sauti inayokaribia kukatika, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na hesabu. Tangazo lina sekunde chache. Sekunde chache zinatosha kiitikio, hazitoshi barua. Kwa hiyo kinachobaki ni mtazamaji wa pembeni anayepiga kelele "kaza!", akiwa ameshika biskuti badala ya tiketi.

Utaniambia, wimbo maarufu ndivyo ulivyo, watu huchukua wanachotaka. Kweli. Lakini kuna nyimbo ambazo kiitikio chake kinajitegemea, na kuna nyimbo ambazo kiitikio chake ni deni la beti zilizotangulia. "Faito!" ni ya aina ya pili. Kuimba kiitikio peke yake ni kama kufika msibani, kupita wafiwa bila kuwapa mkono, na kuanza kuwahubiria juu ya subira.

Hiyo singo ya 1994, kwa njia, ina fundisho lake. Katika "Sora to Kimi no Aida ni" anayesema "mimi" anatumia "boku", nafsi ya kwanza wanayoitumia zaidi wavulana na wanaume. Kijapani kina "mimi" nyingi, na ukichagua moja umeshajieleza. Msikilizaji anapata picha ya kijana anayeahidi kumlinda msichana aliyeumizwa. Kumbe Nakajima ameeleza kwamba aliandika kwa macho ya mbwa, yule mbwa anayefuatana na mtoto asiye na nyumba katika tamthilia. Kwa Kiswahili kitendawili hiki kinapotea chote, maana "mimi" yetu haisemi kama ni mwanamke, mwanamume au mbwa. Lakini hasara hiyo inatuonyesha jambo. Nakajima hukopesha sauti yake. Ukimsikia akisema "mimi", usiharakishe kumtafuta yeye. Amemkopesha mtu, au mnyama, ambaye hakuwa na mahali pa kusemea. Wanaosaka maisha yake ya mapenzi ndani ya nyimbo zake wanapoteza muda.

Kuna wimbo mmoja unaoonekana kuipinga hoja yangu, nao ni "Jidai" (Zama), uliompa tuzo kuu ya tamasha la kimataifa la nyimbo lililofanyika ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo, mwaka 1975, akiwa na miaka 23. Huu unaahidi waziwazi. Unasema itafika siku tutayasimulia haya huku tukicheka. Si ndio "kesho jua litawaka" ileile?

Mi nadhani hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, unaanza na mtu aliyelia mpaka machozi yameisha. Hali yake imetajwa kabla ya ahadi. Pili, tazama ahadi yenyewe iko mbali kiasi gani. Zama zinazunguka, wimbo unasema, na walioachana watakutana, na wasafiri walioanguka watazaliwa upya wainuke watembee. Kuzaliwa upya, bwana! Katika nchi yenye mizizi ya Kibuddha neno hilo halipiti hivihivi. Faraja imewekwa mbali mno kiasi kwamba hakuna wa kudai risiti. Hakuambii mambo yatanyooka Jumatatu. Anakuambia gurudumu ni kubwa na wewe umo. Msichana wa miaka 23 kuyaandika hayo, mtu unaweza kusema ni ujana uliojifanya uzee. Lakini wimbo umezeeka vizuri, na naye amezeeka nao.

Anapoteleza ni mahali pengine, tena kwenye wimbo wake mkubwa kuliko wote: "Chijō no Hoshi" (Nyota za Ardhini). Ulitoka Julai 2000 kama wimbo wa kufungulia "Project X", kipindi cha shirika la utangazaji la NHK kuhusu mafundi na wafanyakazi wasiojulikana walioijenga Japani baada ya vita. Haukupanda haraka. Ulikaa kwenye chati mwaka baada ya mwaka, na Januari 2003, miaka miwili na nusu baada ya kutoka, ukafika namba moja. Kilichousukuma ni usiku wa Desemba 31, 2002, ambapo Nakajima alijitokeza kwa mara ya kwanza katika "Kōhaku", onyesho la nyimbo la mkesha wa mwaka mpya. Hakuimba ukumbini. Aliimba akiwa ndani ya mahandaki ya kituo cha umeme cha bwawa la Kurobe, katika milima ya Toyama.

Bwawa hilo lina urefu wa mita 186 kwenda juu. Lilijengwa kuanzia 1956 hadi 1963, na watu 171 walikufa wakilijenga.

Maneno ya wimbo yanajua habari hizo. Ni wimbo wa kuuliza. Anataja Kilimia, anataja Zuhura, lakini nyota zake anaziweka upeponi, mchangani, majanini, kwenye kona ya mtaa. Nyota za chini, ambazo hakuna anayezikumbuka kwa sababu watu wanatazama juu tu. Kisha anamgeukia mbayuwayu, ndege anayeona kutoka juu, amwambie nyota hizo ziko wapi. Mbayuwayu hajibu. Mpaka wimbo unaisha, hajibu. Wimbo mzima ni pole isiyojua pa kupelekwa.

Ila sikiliza muziki. Ngoma nzito, nyuzi zinapanda, sauti inasukumwa kwa nguvu zote. Muziki unatembea kama jeshi lililoshinda. Ndiyo maana wakubwa wa makampuni na wafanyakazi wao waliweza kuufanya wimbo wao: ukiusikia bila kuusikiliza, unakusifia. Maneno yanauliza waliopotea wako wapi, muziki unajibu kwamba tumefanikiwa. Sitaki kusema NHK ndiyo iliyouharibu, kwa sababu mpangilio huo ni wa rekodi yenyewe, na mtunzi aliukubali. Kipindi kilipofufuliwa mwaka 2024 aliurudia wimbo kwa toleo jipya. Mimi bado naona kwamba maneno yale yalistahili ukimya zaidi. Pale mahandakini, katika baridi ya mlima, sauti moja na gitaa moja vingetosha, na wale 171 wangesikika.

Linganisha na "Ito" (Uzi), wa mwaka 1992, katika albamu ya "EAST ASIA". Leo ni wimbo wa harusi, umeimbwa upya na wengi, na mwaka 2020 ulizaa filamu. Picha yake ni rahisi: wewe ni mtande, mimi ni mshindio, tukifumwa tunakuwa nguo. Harusi gani isiyotaka picha hiyo? Lakini nguo hiyo haikufumwa kwa ajili ya wawili hao. Wimbo unasema huenda siku moja itampa mtu mwingine joto, huenda itafunika jeraha la mtu. Huenda. Na neno lililo katika mstari wa mwisho wa wimbo, "shiawase", ambalo kwa kawaida tungelitafsiri furaha, ameliandika kwa herufi za kale ambazo hazina alama ya furaha ndani yake. Kwa herufi hizo neno linarudi kwenye maana yake ya zamani: mambo kukutana, hali kuangukiana. Sikio halisikii tofauti. Ni mpaka usome karatasi. Bibi harusi anasikia furaha, aliyeandika ameandika kukutana tu, kwa heri au kwa shari. Muziki nao umetulia, hauwasukumi maharusi popote.

Basi, ukitaka kumwingia Nakajima, usianze na mkusanyiko wa vibao, maana utapata viitikio vingi kuliko uwezavyo kubeba. Anza na "Faito!", ile ya 1983, na usikilize ukiwa na tafsiri ya maneno mbele yako. Usiruke beti. Msichana wa mwandiko uliochongoka apite, aliyekunja ngumi apite, mwoga wa stesheni apite, na yule wa mkoani akukabidhi tiketi yake. Baada ya hapo, ukijisikia kupiga kelele ya "kaza!", piga.